Bomba la Jikoni kwa Bwana Chupa

Asubuhi ile mke wa Bwana Chupa alinusa birika la chai, akalinusa tena, halafu akaimwaga chai yote kwenye karo bila kumuuliza mtu.

"Baba Chiriku, hebu njoo unuse," aliita. "Birika nimelisugua jana kwa mikono yangu. Sasa uvundo huu unatoka wapi?"

Mumewe alikuja shati halijafungwa vifungo, akainamisha pua. Tope. Kutu. Na chini ya hayo kitu kingine, kama manyoya ya mnyama aliyelowa. Aliijua harufu ile. Aliijua vizuri mno, na hapo ndipo angesema, lakini wapi! Alifunga vifungo vyake, akasema labda majani ya chai yameharibika, akaenda kazini na tumbo tupu.

Huyu Bwana Chupa nimweleze mapema, msije mkamwonea huruma kabla ya wakati wake. Alikuwa mtu wa ofisi ya maji katika mji mdogo, na jina hilo alipewa kwa sababu ya boksi la barafu alilotembea nalo, lenye vichupa vya kupimia maji vilivyokuwa vikigongana humo ndani. Kila mwezi alitakiwa kujaza chupa nne kutoka mabomba manne: la sokoni, la shuleni, la zahanati, na la ule mtaa wa mbali kabisa ambako bomba linaishia, wenyewe wanauita Mwisho. Chupa hupakiwa kwenye basi la asubuhi kwenda maabara ya mji mkubwa. Majibu yakiwa mazuri, gari la matangazo linapita mitaani na kipaza sauti kusema maji ni salama. Yakiwa mabaya, sheria inataka watu waambiwe wachemshe, mabomba yafunguliwe yasafishwe, dawa iongezwe. Majibu hayakuwahi kuwa mabaya hata siku moja. Ofisi ilijisifu kwa hilo mpaka ikachosha watu.

Siri yake ilikuwa ndogo, tena ya kivivu. Maji ya mgao hufika Mwisho alasiri, na basi la maabara huondoka asubuhi, na maji yaliyolala maabara haiyapokei, kwa hiyo chupa ya Mwisho haikuwa na namna ya kujazwa kihalali na kuwahi basi. Badala ya kusema hivyo na kung'ang'ana mpaka ipatikane njia, Bwana Chupa aliijaza nyumbani kwake. Nyumba yake ilikuwa pembeni mwa tangi lenyewe, bomba la kwanza kabisa, maji bado yananukia dawa. Mwezi wa kwanza aliona haya. Baadaye haya zikamtoka. Akaanza kujaza na ya sokoni hapohapo, kisha ya shuleni, kisha ya zahanati, zote nne kwenye karo la mkewe, alfajiri, kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Na kwa kuwa chupa zilifanana, na maji yalikuwa yaleyale, alizitaja kwa sauti moja moja asije akabandika karatasi siyo. "Wewe Sokoni. Wewe Shuleni. Wewe Zahanati. Wewe Mwisho."

Ndiyo maana harufu ile ilimkata maini. Ilikuwa harufu ya maji ya Mwisho, na maji yakishafika kule hayana njia ya kurudi nyuma bomba zima mpaka kwenye jiko la mtu aliye jirani na tangi.

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kike, hajaanza shule, naye aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Aliongea na kuku, aliongea na viatu, aliongea hata usingizini. Mchana ule Bwana Chupa aliporudi kula alimkuta amepanda kigoda mbele ya karo, sikio kaliweka kwenye mdomo wa bomba, anaitikia kwa sauti ya chini, "Eeh. Eeh. Sawa."

"Unaongea na nani, mama?"

"Na mgeni."

"Mgeni gani anakaa kwenye bomba?"

"Wa Mwisho." Chiriku alimtazama baba yake kwa subira, kama mtu anayemweleza mzito wa kuelewa. "Anasema wewe ndiye uliyemwita. Anasema umemwita mara nyingi mpaka akaona vibaya kutokuja."

Bwana Chupa alicheka. Alimshusha mtoto, akalikaza bomba ambalo tayari lilikuwa limekazwa, akamwambia asiseme upuuzi huo mbele ya mama yake. Halafu akarudi kazini, chakula kimebaki mezani.

Siku ileile jua lilipozama umeme ulikatika, mambo ya kawaida. Mama Chiriku alikuwa jikoni peke yake, mikono imejaa povu la sabuni, akitafuta kibiriti kwa kupapasa, aliposikia mtu anabisha.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya chini, ya heshima, ya mtu asiyetaka kusumbua. Na yule mama alikuwa amelelewa akaleleka. Akili ilikuwa bado iko kwenye kibiriti, mdomo ukaitika wenyewe.

"Karibu."

Bomba likafunguka lenyewe. Koki ilizunguka taratibu bila mkono wa mtu, na kilichotoka kwanza hakikuwa maji bali pumzi, pumzi ndefu ya baridi yenye uvundo ule wa manyoya, kisha ndani ya ukuta kitu kikaanza kukwaruza, kucha juu ya chuma, kikipanda kutoka sakafuni, kikipita nyuma ya kabati la vyombo, kikipita nyuma ya mgongo wake yeye mwenyewe aliyekuwa ameegemea ukuta huohuo na kuhisi kila mkwaruzo kwenye mbavu zake, mpaka kikafika mdomoni mwa bomba, kikatulia, kikatema maji meusi kidogo, na sauti ileile ya heshima ikasema, "Ahsante."

Mumewe alimkuta amechuchumaa mlangoni, povu limemkaukia mikononi.

"Nimemkaribisha," alinong'ona. "Sikujua, baba Chiriku. Nimemkaribisha mwenyewe."

"Ni hewa tu kwenye bomba. Maji yakikatika hewa inaingia."

"Hewa inasema ahsante?"

Alimkumbatia mkewe na kumwacha ajilaumu kwa kosa ambalo halikuwa lake, na hilo mimi ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Kuanzia hapo Chiriku alinyamaza. Haikuwa hasira wala homa. Maneno yalipungua tu, leo machache kuliko jana, mpaka yakaisha. Badala ya kuongea alikunywa maji. Alikunywa kikombe, akakunywa jagi, akainama karoni na kunywa moja kwa moja kwenye bomba macho yakiwa wazi, na midomo yake ikazidi kukauka na kupasuka. Mama yake alifunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Wakamkuta anaramba ukuta, pale pale bomba linapopita.

Walimpeleka zahanati. Nesi wa pale alikuwa mtu wa kazi, hana maneno mengi. Alimpima mtoto, akamfunua macho, akamminya tumbo, akatikisa kichwa.

"Huyu haharishi wala hana homa. Wanaonijaa hapa kwa kuhara ni watoto wa Mwisho, kila wiki. Nimeshachoka kuandika dawa." Alinawa mikono, akakunja pua. "Hata bomba letu hili siku hizi lina kaharufu. Lakini si mnapima nyie?"

"Tunapima," alisema Bwana Chupa.

"Basi mpe maji safi kwa wingi, tuone."

Mke wake ndiye aliyemwita Bi Moshi. Alikuwa mganga wa kike aliyeuza dawa zake kwenye kibanda kule Mwisho, mwembamba, mkali, mwenye ulimi wa kuchoma. Alikuja mchana kweupe na mkoba begani, hakuchinja kitu wala kupunga kitu. Alionja tone moja la maji kwenye ncha ya kidole, akatema.

"Haya maji nayajua. Ndiyo ninayokunywa kila siku. Yamefikaje huku?" Alimgeukia mwenye nyumba. "Wewe si ndiye wa chupa? Unazijaza vipi? Nionyeshe."

"Bi mkubwa, hilo halihusiani..."

"Nionyeshe, au nichukue mkoba wangu niende zangu. Mtoto ni wako, si wangu."

Chiriku alikuwa mkekani, midomo inavuja damu, macho hayaondoki kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Bwana Chupa alimtazama, akaenda kuleta boksi. Akamwonyesha Bi Moshi kama alivyofundishwa na kama alivyojifundisha. Alifuta mdomo wa bomba. Akawasha kiberiti cha gesi, akauunguza mdomo wa bomba kwa moto ili kuua vijidudu vya nje. Akafungua maji, akayaacha yatiririke kidogo. Akakinga chupa ya kwanza, na ulimi, kwa mazoea, ukaanza, "Wewe Soko..."

Bi Moshi alimpiga kibao cha mkono, chupa ikaanguka karoni.

"Nyamaza! Mwendawazimu wewe!" Alifunga koki kwa haraka. "Unafanya hivi saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Alfajiri. Moto, maji yanayotembea, chombo kisichoguswa na mtu, na jina kwa sauti. Nikitaka kumwita mkubwa wa majini wote sifanyi zaidi ya hapo. Tena mimi hutumia ubani, wewe unaniletea kiberiti cha sigara." Akakaa kwenye kigoda, akashusha pumzi. "Mle kwenye bomba la kwetu maji yanalala, hayatoki hayaingii. Maji yakilala sana hupata mwenyewe. Huyo alikuwa kakaa kwake, hana neno na mtu. Wewe ukasimama hapa, mwezi baada ya mwezi, ukamwambia kwake ni hapa. Mara ngapi mtu aitwe ndipo aje?"

Mama Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote.

"Maji ya watu wote wale," alisema polepole. "Kwenye karo langu. Na ukaniacha nijione mimi ndiye niliyemkaribisha."

"Mama Chiriku..."

"Usiniguse."

Bi Moshi hakuwa na muda na ugomvi wao. "Huyu hafukuzwi, kwa sababu hakuvamia. Anarudishwa. Nenda Mwisho, kinga maji ya kwake, kwake, umtaje kwa jina lake, na useme mbele ya watu kwamba ulimwita pasipo pake. Na hao wengine uliowaita hapa warudishe kwao vilevile. Wote. Usibakize."

"Hao wengine hawajaja."

"Hawajafika," alisema Bi Moshi, akafunga mkoba wake.

Bwana Chupa alikwenda kwa meneja wake, mtu mnene, mchangamfu, mwenye cheti cha maji salama ukutani nyuma ya kiti. Alimweleza kuhusu chupa ya Mwisho tu. Ya jini hakuyagusa, na ya zile chupa nyingine hakuyagusa pia. Meneja alifunga mlango.

"Wiki hii mkaguzi anakuja na wewe ndiyo unaniletea haya? Nilikwambia uchukue maji sehemu ya karibu. Sikukwambia kwako!"

"Ulijua, bosi."

"Nilijua nini? Mimi nakaa ofisini. Sikiliza, bwana. Chupa moja ni uzembe, unapewa onyo, yanaisha. Zaidi ya hapo ni jela, na utakwenda peke yako. Kwa hiyo fikiria utasema nini."

Alifikiria. Alifikiria njia nzima, na kila alipofikiria jela alimwona Chiriku amekaa bila baba, na akajiambia kwamba anafanya kwa ajili yake. Mtu akitaka sababu haikosi.

Mkaguzi alikuwa dada wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na maswali mafupi. Alipoambiwa maji ya Mwisho hufika alasiri, alisema basi atangoja alasiri, na gari lake litazipeleka chupa maabara. Hivyo tu. Neno ambalo Bwana Chupa angeweza kuliomba tangu mwanzo.

Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo na wenye ndoo zao. Bi Moshi alisimama mlangoni mwa kibanda chake, mikono kifuani. Bwana Chupa aliwasha moto, akaunguza mdomo wa bomba, akafungua. Maji yalitoka ya rangi ya chai. Akakinga chupa, na sauti ikamtoka nyembamba, "Wewe Mwisho." Halafu akawageukia watu wa foleni.

"Jamani, chupa za Mwisho sikuwahi kuzijaza hapa. Nilizijaza nyumbani kwangu. Maji yenu hayajapimwa hata siku moja."

Mbele ya foleni alikuwa mwanamke anayeitwa Mama Pacha, na mtoto mmoja mgongoni. Mji ulijua kwamba pacha wa mtoto yule alizikwa msimu wa mvua uliopita, kwa kuhara.

"Nilikuwa nachemsha," alisema Mama Pacha. Hakupandisha sauti. "Kila siku nilikuwa nachemsha. Likapita gari lenu na kipaza sauti, mkasema maji ni salama, msipoteze kuni. Nikaacha."

Laiti yule mama angempiga! Bwana Chupa alitamani apigwe pale pale, mbele ya watu, mpaka aanguke. Mama Pacha alimsogelea, akachukua ndoo yake tupu iliyokuwa karibu na miguu ya Bwana Chupa, akarudi nyumbani.

"Na sokoni?" aliuliza mkaguzi. "Shuleni? Zahanati? Hizo ulijaza wapi?"

Meneja, aliyekuwa amefuatana na mkaguzi, alikohoa. Bi Moshi alimkazia macho kutoka kwenye kibanda chake.

"Hizo ziko sawa," alisema Bwana Chupa.

Mkaguzi akaamuru koki kubwa ya kumwagia uchafu ifunguliwe. Mafundi wawili waliizungusha kwa nguvu, na ardhi ikanguruma, na bomba likatoa kwanza hewa, kisha tope, kisha maji meusi mazito yaliyoruka mpaka kwenye kuta za nyumba, na ndani ya maji yale kilipita kitu ambacho kila aliyekuwepo anakieleza kivyake, wengine wanasema manyoya, wengine mkono mrefu usio na kiwiko, lakini wote wanakubaliana kwamba kilitoka kama kimerudi kutoka mbali, kikajikunyata mtaroni, kikageuza kitu kama uso kumtazama mtu wa chupa, kikangoja, kana kwamba kuna neno halijamalizwa, halafu kikazama kwenye tope na uvundo ukaondoka nacho. Mafundi walitupa spana zao wakakimbia. Maji yaliyofuata yalikuwa meupe.

Alipofika nyumbani alimsikia Chiriku tangu barabarani. Alikuwa anamweleza kuku habari ndefu isiyo na kichwa wala miguu. Bwana Chupa alikaa kizingitini akalia, na mtoto akaja kumuuliza kwa nini analia, na kwa nini watu wazima wana manywele puani, na kesho watakula nini. Chai ya jioni ile ilinukia chai. Mama Chiriku alimmiminia kikombe, ingawa hakumtazama usoni.

"Umewarudisha wote?" aliuliza.

"Nimemrudisha."

"Nimekuuliza wote."

"Nitakwenda. Hali ikitulia nitakwenda kusema."

Alipewa onyo, kama alivyoahidiwa. Mwisho walipata maji safi na foleni ikawa fupi. Zile nyingine alisema atazisemea wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika alikuwa na shughuli. Siku moja alipishana na nesi wa zahanati, naye akamwambia kaharufu ka bomba lao kamezidi, na sasa kuna watoto wa shule wanaoumwa matumbo. Bwana Chupa alisema atalitazama. Alitembea upesi, na mgongo ulimwasha mpaka alipokata kona.

Ikaja jioni ambayo wote watatu walikuwa jikoni. Mama anamenya vitunguu, baba anasoma gazeti lililopita wakati wake, Chiriku yuko kwenye kigoda anasuuza vikombe na kuongea, anaongea, anaongea. Kisha akanyamaza katikati ya neno.

Ndani ya ukuta kulikuwa na miguu. Si kucha safari hii. Ilikuwa miguu midogo, mingi, ya viatu vya shule, ikipanda bomba kwa mstari, na nyuma yake ilikuja miguu mingine iliyoburuta ndala, na kikohozi cha watu waliokaa kwenye benchi kwa muda mrefu wakingoja kuitwa, na nyuma ya hao minong'ono ya watu wa soko, wengi kupita ukuta unavyoweza kubeba, mpaka vyombo vikatetemeka kabatini na kisu kikamponyoka mama mkononi. Bwana Chupa aliinuka, kiti kikaanguka, akajirusha kuelekea karoni ili amzibe mtoto mdomo.

"Hodi," walisema wote kwa pamoja, kama darasa linaposalimia.

Chiriku, mtoto aliyelelewa vizuri, aliinamia bomba akatabasamu.

"Karibuni," aliitikia. "Baba yupo."